Jinsi ya kusoma majibu ya DNA yanayokwambia una "jeni fupi" ya serotonini

Umepima DNA, majibu yamekuja, yameandikwa una toleo fupi la jeni ya serotonini (kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo) kwa hiyo eti wewe ni mtu wa wasiwasi. Tulia kwanza, usianze kumpigia mama simu kumlaumu.

Anza na jina la jeni. Ukikuta SLC6A4 au 5-HTTLPR, hiyo iko kromosomu ya 17, na kazi yake ni kutengeneza protini inayoinyonya serotonini na kuirudisha ndani ya seli ikishamaliza kupeleka ujumbe. Toleo fupi limepungukiwa herufi 44 hivi za DNA pale kwenye swichi ya jeni, basi protini inatoka chache. Kopi moja ya baba, moja ya mama, kwa hiyo angalia wamekuandikia S/S, S/L au L/L (S ni fupi, L ni ndefu), na ujue fupi wanayo watu kibao tu wazima kabisa.

Hapa ndo pananichekesha: dawa za sonona kama fluoxetine nazo zinaziba protini hiyohiyo. Mambo yangekuwa mepesi hivyo, mwenye fupi angekuwa kazaliwa na dawa yake kichwani!

Sasa wasiwasi ulitoka wapi, cheki ukubwa wa utafiti. Mwaka 2002 mtafiti Hariri na wenzake waliwaingiza watu 28 kwenye mashine ya MRI wakawaonyesha sura zenye hofu na hasira, wenye fupi amigdala yao ikawaka zaidi (amigdala ni kale kasehemu kanakostuka kabla wewe mwenyewe hujajua umestuka nini). Watu 28 tu jamani. 2003 mtafiti mwingine, Caspi, akaja na dai kwamba fupi ukijumlisha misukosuko ya maisha unapata sonona, dunia nzima ikaibeba. Halafu 2019 watafiti kina Border wakapitia data za mamia ya maelfu ya watu, hola, jeni maarufu za sonona kama hii hazikuzidi jeni zilizookotwa tu. Kurithi kupo kweli, ila kumetawanyika kwenye jeni nyingi mno na kila moja inachangia chembe.

Kwa hiyo mstari wa hisia uruke, tafuta jeni ya CYP2C19. Hiyo inahusu ini linavyosaga dawa kama escitalopram na sertraline, mpelekee daktari, na kama uko kwenye dozi usikate wala kuongeza kabla hajaiona.