"Very", "too" na ndugu zao: somo la mwisho, sirudii

Kila wiki naletewa barua za kazi za Kiingereza nisahihishe, na kosa ni lile lile. Naandika mara moja. Atakayeniuliza tena namrudisha hapa.

1. "Very" hukaa mbele ya sifa. Sisi "mrefu sana", wao "very tall". Basi.

2. "Too" siyo "sana". Hapa ndipo nilipoumbuka. Nilipoanza kazi steshenari nilimwandikia binti mmoja barua, anatafuta kazi ya kushika fedha dukani. Nikaandika "She is too honest to handle cash". Kichwani mwangu: ni mwaminifu sana, mpeni fedha ashike. Mwenye duka akapiga simu anacheka. Barua ilikuwa inamwambia uaminifu wa binti umezidi mpaka fedha hawezi kuzishika! "Too" ni chai iliyozidi sukari, hainyweki. Ikifuatwa na "to", ujue jambo hilo halifanyiki tena. Kwa hiyo kabla hujaiandika, jaribu kusoma "kupita kiasi" mahali pake. Kama ulitaka kusifu na imetoka lawama, futa, weka "very".

3. "Excellent", "perfect", "impossible" zimeshafika kileleni, hazitaki "very". Ukitaka kukazia: "absolutely".

4. Kulinganisha ni "much better". "Very better" haipo.

5. "Utter" na "sheer" hutangulia nomino: "utter nonsense", upuuzi mtupu, "sheer luck", bahati tupu. Usiandike "the nonsense is utter". Hata sisi hatusemi "upuuzi ule ni mtupu".

MASWALI

Chuma: Mkuu, "very excellent" inafaa kwenye CV?
— Namba 3.

Chuma: Sijasoma yote, nina haraka.
— Na mwajiri naye ana haraka.

Mzee wa Hoja: Wazungu wenyewe husema "you're too kind". Unatupotosha.
— Husema, kwa adabu, kama sisi "umejisumbua mno". Na "only too happy" ni "kwa furaha kabisa". Hiyo ni misemo, mzee wangu. Haihalalishi "I am too happy to join your company".

Binti Pangani: Shikamoo mwalimu. "Quite" je? Naona inanigeukageuka.
— Marahaba, umeuliza la maana. Inategemea sifa inayofuata. "Quite impossible" ni haiwezekani kabisa. "Quite good" kwa Mwingereza mara nyingi ni nzuri kiasi tu, lakini Mmarekani huisikia kama sifa yenye uzito zaidi. Barua ikienda London usimwambie mtu kazi yake ni "quite good", atanuna.

Binti Pangani: Na "very very", kama tunavyosema "sana sana"?
— Mdomoni sawa. Kwenye barua tafuta neno lenye nguvu zake: "very tired" iwe "exhausted", "very cold" iwe "freezing".

Fundi Simu: Mimi naachia simu inisahihishie.
— Niliipa ile sentensi yangu ya "too honest". Haikupiga mstari mwekundu hata mmoja, maana kisarufi haina kosa.