Somo: Kuchagua usajili wa gemu na daraja lake, kwa wachezaji wa Lamu na Malindi

Somo hili ni la mwenye PS4, PS5, Xbox au Switch nyumbani anayetaka kulipia usajili na hajui achukue upi. Limeandikwa kwa watu wa huku kwetu, ambako wengi wanategemea ruta ya laini ya simu na stima hukatika bila taarifa. Ushauri wetu ni mmoja: anza na daraja la chini kabisa linalofungua gemu unayoicheza, kisha panda likikubana. Anayeanzia juu huishia kulipia orodha ya gemu mia nne ambazo ruta yake haiwezi kuzipakua.

Hatua ya 1: Hakikisha kwanza kama kuna haja ya kulipa

Gemu za bure hazidai usajili hata ukicheza mtandaoni. eFootball, Fortnite, Warzone na Rocket League kwenye PlayStation unaingia tu. Xbox nayo iliondoa sharti hilo kwa gemu za bure Aprili 2021. Kwenye kompyuta, kucheza mtandaoni kwa kawaida hakulipiwi usajili kabisa.

EA Sports FC, gemu ya mpira ya kulipia, ni habari nyingine. Watu wawili wenye padi mbili kwenye mashine moja hawahitaji kulipia chochote zaidi ya gemu yenyewe. Ukitaka kucheza na mtu aliye Mombasa nawe uko Lamu, hapo PS Plus, yaani usajili wa PlayStation, inahitajika. Kama mechi zenu zote ni za sebuleni, funga ukurasa huu ukanunue padi ya pili.

Hatua ya 2: Pima mtandao kwenye mashine yenyewe

Usipime kwa simu. Ingia mipangilio ya mashine, sehemu ya mtandao, ufanye jaribio la muunganisho saa ile unayocheza. Wengi hucheza baada ya Isha, na hiyo ndiyo saa laini za simu huelemewa. Andika kasi ya kupakua uliyoiona, kisha fanya hesabu hii: zidisha GB za gemu kwa 8,000, gawanya kwa Mbps zako (megabiti kwa sekunde, ndiyo kasi uliyoiandika), utapata sekunde.

Gemu ya GB 60 kwa Mbps 10 ni sekunde 48,000, yaani saa 13 na dakika 20. Kwa Mbps 5 ni zaidi ya siku nzima. Kama unatumia bando lenye kikomo, gemu mbili za namna hiyo zinaweza kulimaliza lote kabla hujacheza hata mechi moja. Kucheza mtandaoni kwenyewe ni kwepesi: kwa kawaida hakufiki MB 200 kwa saa. Ndiyo sababu mtu wa bando dogo anafaidika na daraja la kuchezea mtandaoni, lakini hafaidiki na daraja la orodha ya gemu.

Hatua ya 3: Linganisha daraja na matumizi yako

PS Plus tangu Juni 2022 ina madaraja matatu.

Essential inafungua kucheza mtandaoni, inakupa gemu chache kila mwezi, na inahifadhi kwenye wingu, yaani kwenye seva za mtandaoni, mahali ulipofikia. Gemu za mwezi hutoka Jumanne ya kwanza. Ziongeze kwenye maktaba yako hata kama hutazipakua leo, kwani ukishaziongeza ni zako muda wote usajili uko hai. Watu wengi hudharau hapa. EA Sports FC 24, iliyotoka Septemba 2023, iliingia kwenye gemu za mwezi za Mei 2024. Aliyekuwa na Essential na subira aliipata bila kuinunua.

Extra inaongeza orodha ya gemu za PS4 na PS5 zinazofika 400. Ni nzuri kweli kwa mwenye faiba na nafasi ya kuhifadhi. Angalia nafasi hiyo kabla ya kulipa: PS5 ya mwanzo ina SSD (diski ya ndani) ya GB 825, lakini zinazobaki kwa gemu ni kama 667. Diski ya nje ya USB inaweza kutunza gemu za PS5, ila hazichezeki humo mpaka uzirudishe ndani. Jambo jingine, gemu za orodha hii huja na kuondoka. Ukianza gemu ndefu, angalia kwanza kama haimo kwenye kundi la zinazokaribia kutolewa.

Premium inaongeza gemu za kale za PS1, PS2 na PSP, majaribio ya muda ya gemu mpya, na kustrimu, yaani kucheza gemu kutoka kwenye seva bila kuipakua, zikiwemo gemu za PS3. Kwa huku hatuipendekezi. Kustrimu kunahitaji Mbps 5 kuanza tu, na Mbps 13 kwa picha ya 1080p, ambayo ni karibu GB 6 kwa saa. Hata ukiwa na kasi hiyo, seva ikiwa Ulaya unabonyeza padi na mchezaji anageuka baadaye. Kasi ya kupakua haiponyi umbali. Ukimwona mtu analalamika kuwa "Premium imeharibika", mara nyingi tatizo ni hilo.

Kwa Xbox, madaraja ya usajili wake, Game Pass, yalipangwa upya Oktoba 2025: Essential, Premium na Ultimate. Essential ina kucheza mtandaoni na gemu zaidi ya 50, Premium zaidi ya 200, na Ultimate zaidi ya 400, nyingine siku ileile zinapotoka. Ultimate ilipanda mwezi huo hadi dola 29.99 kwa mwezi Marekani, nayo ina EA Play, usajili wa kampuni ya EA yenyewe, ndani yake. Kama shabaha yako ni mpira tu, EA Play peke yake ni nafuu mno: inakupa saa 10 za gemu mpya ya mwaka, matoleo ya nyuma, na punguzo la asilimia 10. Lakini haifungui mechi za mtandaoni za gemu ya kulipia. Ni mbadala wa kununua gemu, si mbadala wa Essential.

Nintendo ni rahisi: daraja la kawaida kwa kucheza mtandaoni na gemu za kale, na la juu lenye gemu za Nintendo 64 na nyinginezo. Lipo la familia, hadi akaunti 8.

Hatua ya 4: Nchi ya akaunti

Soma hapa mara mbili. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi za PSN, mtandao wa akaunti na duka la PlayStation, kwa hiyo akaunti nyingi za huku zimefunguliwa kama za Uingereza, Marekani au Afrika Kusini. Nchi ya akaunti ya PSN haibadilishwi baada ya kufunguliwa. Vocha ya Marekani haiingii akaunti ya Uingereza, na duka haliwezi kukurudishia namba uliyokwisha kuikwangua. Jueni pia kuwa mkataba wa PSN unamtaka mtu aandike taarifa za kweli. Anayefungua akaunti ya nchi asiyoishi anabeba hatari hiyo mwenyewe.

Kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay ni kadi halali, lakini mara nyingi hukataliwa kwa sababu kadi ni ya Kenya na akaunti ni ya nchi nyingine. Usijaribu mara kumi mfululizo. Tumia vocha ya salio ya nchi ileile ya akaunti. Namba ya PSN ina tarakimu na herufi 12, ya Xbox ina 25. Nunua kwa muuzaji anayekupa risiti, na uiingize mbele yake.

Akaunti ya Marekani ina mtego mdogo: baadhi ya majimbo huongeza kodi juu ya bei. Septemba 2023 Essential ya mwaka Marekani iliwekwa dola 79.99. Kwa bei hiyo, mwenye salio la dola 80 kamili anaweza kukwama kwa dola chache za kodi. Fungua ukurasa wa malipo, tazama jumla ya mwisho, ndipo ununue vocha.

Hatua ya 5: Muda

Anza na mwezi mmoja. Ukiridhika, mwaka ni nafuu: kwa bei za Marekani za wakati ule, miezi 12 ya dola 9.99 inafika 119.88, dhidi ya 79.99 ya mwaka. Punguzo huja mara nyingi Novemba, na tena mwisho wa Mei kuingia Juni.

Tahadhari kwa anayerundika miezi. Ukipanda daraja, unatozwa tofauti ya siku zote zilizobaki, si za mwezi huu pekee. Mwenye miezi 14 ya Essential akitaka Extra kwa likizo ya Desemba tu, atadaiwa tofauti ya miezi yote 14. Na kushuka kunaanza kufanya kazi tarehe ya malipo yajayo tu.

Hatua ya 6: Ukishalipa

Zima kujilipia upya siku hiyohiyo. Usajili utaendelea mpaka tarehe yake. Kisha, kwenye PS5, washa kushirikiana kwa mashine na kucheza bila mtandao (Console Sharing and Offline Play), kwenye mipangilio ya watumiaji na akaunti. Pakua usiku mashine ikiwa imelala, na kama stima ya mtaani haitulii, iwekee UPS ndogo (betri ya akiba) pamoja na ruta. Kukatika ghafla wakati wa kuandika kwenye diski ndiko kunakoleta ujumbe wa hifadhi kuharibika.

Wako wanaobeba mashine kwenda kwa jamaa mwenye faiba. Ni njia nzuri. Anayevuka kwa boti hadi Mokowe aifunge kwa tabaka mbili zisizopenya maji, tena asiiwashe mpaka ikauke unyevu. Chumvi ikiingia kwenye feni haitoki kwa kufuta.

MASWALI YA WANACHAMA

Langoni, Lamu: Ndugu zangu, nina PS4 ya zamani. Extra yanifaa?

Jibu: Hapana, kaka. Sony ilitangaza kuwa kuanzia Januari 2026 gemu za PS4 si sehemu kuu tena ya gemu za mwezi wala za orodha. Ulizokwisha kuziongeza zinabaki, lakini mpya nyingi zitakuwa za PS5. Chukua Essential, na ile miezi unayocheza tu.

Muyeye, Malindi: Mimi ni mama wa watoto watatu, PS5 ni moja. Nilipie watatu?

Jibu: La, mama. Lipia akaunti yako moja, washa kushirikiana kwa mashine, na watoto wote watacheza mtandaoni kwenye PS5 hiyo kwa akaunti zao. Wafungulie akaunti za watoto chini ya yako, kisha weka kikomo cha matumizi kuwa sifuri. Usipofanya hivyo, salio lako linaweza kuisha kwa kununua wachezaji wa Ultimate Team, sehemu ya EA Sports FC ya kujijengea timu.

Shela, Lamu: Kuna mtu anauza Premium ya mwaka kwa bei ya kutupa. Anakupa barua pepe na nywila.

Jibu: Usinunue, bwana. Unachouziwa ni akaunti ya mtu. Aliyeifungua anaweza kubadilisha nywila wakati wowote, na mara nyingi akaunti hiyohiyo imeuzwa kwa wengi. Siku ikifungwa, gemu na mahali ulipofikia vinakwenda nayo. Nunua vocha na uiingize kwenye akaunti yako.

Barani, Malindi: Nina kibanda chenye PS5 nne. Usajili mmoja unatosha?

Jibu: Hautoshi. Kushirikiana kunawashwa kwenye PS5 moja na PS4 moja kwa akaunti, basi. Na zaidi ya hilo, mkataba ni wa matumizi binafsi, si ya biashara. Kwa kibanda, CD ndizo zinazofaa. Wateja wanacheza wawili wawili, na hapo PS Plus haihitajiki.

Faza, Lamu: Usajili ukiisha, gemu zangu zinafutika?

Jibu: Hazifutiki kwenye diski, zinafungwa kwa kufuli. Ulipofikia panabaki ndani ya mashine. Ukilipia tena, gemu za mwezi ulizoongeza zinafunguka, na za orodha ya Extra zinafunguka ikiwa hazijatolewa na umerudi daraja lilelile. Gemu ulizonunua kwa pesa yako zinaendelea kama kawaida. Ila kabla tarehe haijafika, kama una PS4, nakili hifadhi zako kwenye flashi. PS5 hairuhusu kunakili hifadhi za gemu za PS5 kwenye USB, ni za PS4 tu.