SOMO: Kumtafuta konyeza wa Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi

Wakuu, kila nikisema kuna konyeza (jellyfish, yule mnyama laini wa majini kama ute) kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, naambiwa nimechanganya Kigoma na Tanga. Wapo. Mjerumani Richard Böhm, mtaalamu wa wanyama, aliwaona Tanganyika mwaka 1883, na wataalamu wa Ulaya wakabishana miaka mingi kama ziwa liliwahi kuwa mkono wa bahari.

1. Chagua siku kwanza, mahali baadaye. Kusi likivuma usihangaike. Toka alfajiri maji yakiwa yamelala, urudi kabla upepo haujaamka.

2. Beba beseni jeusi (kwenye jeupe utaona maji matupu), chupa ya kioo, na jaketi la kujiokolea.

3. Piga kafi mpaka chini pasionekane, kisha tulia, mtumbwi uelee wenyewe. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanakodolea macho pale jua linapometameta. Tazama kwenye kivuli cha mtumbwi. Mnyama mwenyewe humwoni mara moja. Unaona pete nyeupe, nyembamba, ya sentimita 2 hivi, ndogo kuliko kizibo cha soda, inajikunja na kujikunjua. Ukishaiona moja, jicho limefunguka. Utashangaa ulivyokuwa umezipita.

4. Usimshike, atachanika. Zamisha beseni taratibu ubavuni mwake, aingie pamoja na maji. Mhamishie kwenye chupa, inua juani: minyiri kama nyuzi pembezoni, mdomo mpana katikati. Kagua ukingo wa huo mdomo, wakati mwingine vitoto vinachipukia hapohapo. Kisha mrudishe.

MASWALI

– Mkuu, hawashi kama wale wa baharini?
Mimi hajaniwasha hata siku moja. Sumu yake ni ya kunasia vidudu vidogo vya majini.

– Sisi wa Mwanza je?
Ziwa Victoria wapo pia. Ila dada, usipandie mtumbwi kwenye matete: kichocho, na mamba.

– Mtumbwi wa kukodi unapatikanaje? Wavuvi wana kazi zao.
Nenda siku za mbalamwezi. Karabai hazivuti dagaa kukiwa na mwanga, kwa hiyo mitumbwi mingi imelala ufukweni na bei inazungumzika. Mzee aliyenipeleka mara ya mwisho aliuliza kitu kimoja tu: "Analiwa?" Nikamwambia hapana. Alicheka mpaka tunafika nchi kavu.