Kufundisha vijana wa boti kusoma hali ya hewa, Ziwa Kivu

Kama uko kapita wa boti hapa Goma, ya kuvua sambaza (samaki wadogo) ao ya kubeba bidhaa za Minova, usifungie vijana mu chumba na makaratasi, watasinzia. Bapeleke kando ya ziwa saa saba jua likiwa kali, wavue viatu, wakanyage mawe meusi ya volkano kisha waingize miguu mu maji. Mawe yanaunguza, maji iko baridi. Hapo njo unaeleza: mchana nchi kavu inapata moto haraka kuliko ziwa, hewa yake inapanda, basi upepo unatoka ziwani kuja huku kwetu, na usiku unageuka. Funga kipande cha sashe ya plastiki kwenye fimbo, warudi usiku wajionee. Mwenye kujua upepo wa kawaida wa kila saa ndiye anashtuka wa kwanza ukibadilika.

Mawingu usiwachoshe na majina. Moja linatosha, lile linalopanda juu kama shufleri (koliflawa), chini jeusi, na linakua mkiliangalia. Mvua yake ikishuka inavuta hewa ya baridi, hewa hiyo ikifika chini inatawanyika na kukimbia mbele ya mvua, kwa hiyo ile baridi ya ghafla usoni inakuja bado hamjalowa hata tone moja, na mawimbi yako nyuma yake. Anayengoja mvua ndiyo ageuze boti amechelewa.

Radi, wahesabishe kwa sauti. Kutoka umeme kuwaka mpaka ngurumo, kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Ikiwa chini ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10, na mu ziwa hakuna kitu kirefu kuliko nyinyi, mkimbilie ukingo wa karibu hata kama siyo bandari yenu, na msirudi majini mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Chini ya mti hapana.

Utabiri wa simu wausome pia, hasa kuanzia Septemba mvua zikirudi, ila ule unasemea eneo kubwa, hauoni wingu lililotokea nyuma ya kisiwa cha Idjwi sasa hivi.

Sasa kitu mabosi wengi wanaruka: kijana akijua atakatwa pesa ya siku juu ya kurudi, ataona wingu na atanyamaza. Sema mbele ya ekipe yote, mwenye boti akiwepo, kwamba yeyote akisema turudi mnarudi, hata yule wa kuchota maji, na pesa yake iko palepale. Na jile za kuokoa maisha zivaliwe kabla kamba haijafunguliwa, siyo kukaliwa.