SOMO: Namna ya kusikiliza hadithi fupi za zamani mpaka zikukolee

Habari zenu wakuu. Niko Kigoma, huku Kibirizi, na hili somo nimelileta kwa sababu naona watu wanashusha hadithi za kusikiliza alafu dakika ya tatu wanazima wanasema zinaboa, wakati hadithi haina shida, shida ni sauti uliyoanza nayo na saa uliyochagua. Naongelea zile hadithi fupi za waandishi wa zamani kina Maupassant (Mfaransa), Chekhov (Mrusi), O. Henry na Edgar Allan Poe (Wamarekani), mtu anakusomea kwa Kiingereza neno kwa neno, sio muhtasari.

HATUA YA 1: zipate. Ingia LibriVox, ni tovuti ya vitabu vya kusikiliza, imeanza 2005, wanaosoma ni watu wa kujitolea na wanasoma vitabu vilivyokwisha hakimiliki tu, kwa hiyo ni bure na halali kabisa. Faili ziko za kbps 64 na 128 (hiyo namba ni kipimo cha ubora wa sauti), chukua 64, kwa sauti ya mtu anaesoma tu hutaona tofauti ya maana, na dakika 20 inakula kama MB 10 hivi, ile nyingine ni mara mbili yake. Ukishashusha hamishia kwenye memori kadi, hata kiswaswadu kinapiga na bando huligusi tena.

HATUA YA 2, na hapa ndo penyewe: chagua msomaji kabla hujachagua hadithi. Si nimesema ni wa kujitolea, basi wapo wanaowazidi watangazaji na wapo wanaosoma kama mwalimu anaita mahudhurio. Hadithi maarufu unaikuta imesomwa na watu tofauti tofauti, sikiliza dakika mbili za kila mmoja, angalia anapumua wapi, anapunguza mwendo wapi, na watu wawili wakiongea unawatofautisha bila yeye kujilazimisha sauti ya kike na ya kiume (hao waigizaji mimi wananichosha haraka).

Mfano chukua "The Tell-Tale Heart" ya Poe, ya 1843, kwa kawaida haizidi dakika 20. Anaesimulia ni muuaji, na kazi yake kubwa ni kukuhakikishia kuwa hana wazimu, sasa kadri anavyokuhakikishia ndo unazidi kumuogopa. Kuna mahali anafungua mlango wa mzee usiku wa manane, polepole, anasema kuingiza kichwa tu pale mlangoni kulimchukua saa nzima. Kwa macho hiyo sentensi unairuka, ukisomewa huiruki. Msomaji mbovu anapita hapo mbio mbio, mzuri anakufanya na wewe ubane pumzi. Mimi hapo ndo kipimo changu, ukikimbia nakufuta.

HATUA YA 3: saa ya kusikiliza. Kazi ya mikono isiyotaka mawazo, basi. Huku kwetu mtu anageuza dagaa juani, mwingine anashona nyavu, kina mama wanachambua maharage. Sio unachati huku unasikiliza, na bodaboda naomba muache kabisa. Treni ya Tabora kuja Kigoma ni pazuri sana ila uwe umeshashusha kabla hujapanda, njiani mtandao unapotea potea.

Kusikiliza wengi kuna utamu wake pia. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawavuliki kwa taa, mitumbwi inalala, wanaume wako nyumbani, basi unatoa kaspika ka bluetooth nje mnaweka hadithi moja. Moja tu! Poe mwenyewe aliandika kwamba hadithi ya namna hii ni ya kumalizwa kwa mkao mmoja, ukipachika tatu mfululizo zinachanganyikana na kesho hamna anaekumbuka nani alifanya nini.

HATUA YA 4: irudie. Hasa "The Necklace" ya Maupassant (1884), yule mwanamke anaeazima mkufu wa kwenda nao kwenye sherehe. Mara ya kwanza wote tunakimbilia mwisho, mara ya pili ndo unamsikia yule rafiki yake anavyoutoa ule mkufu bila kusita hata kidogo. Siwaambii zaidi, nendeni mkasikilize.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Ujiji: Mkuu Kiingereza changu cha kuungaunga, nitaambulia kitu kweli?

Jibu: Utaambulia, ila usianze na O. Henry kaka, ana misamiati mizito na utani wa New York. Anza Maupassant au Chekhov, hao kwa Kiingereza wametafsiriwa kwa hiyo sentensi mara nyingi ni nyepesi. Maandishi yako bure Project Gutenberg, tovuti ya vitabu vya kusoma, pitia aya mbili tatu za mwanzo uwajue wahusika, alafu funga uisikilize.

Mama wa Tabora: Mwanangu, mimi na mama mkwe tulizoea Mama na Mwana ya Redio Tanzania, hizo za Kizungu hataki hata kuzisikia. Tufanyeje?

Jibu: Shikamoo mama. Msomee wewe. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza, alichapa hadithi alizozikusanya Zanzibar mwaka 1870, Kiswahili na Kiingereza pamoja, kitabu kinaitwa Swahili Tales, humo mna Kisa cha Punda wa Dobi, ile ya kima na papa. Kama ni kurekodi kwa simu, funga madirisha, jifunike blanketi mpaka kichwani, simu iwe shubiri moja toka mdomoni na ikae pembeni kidogo, ukiielekeza usoni kila P na B inapuliza. Soma taratibu kuliko unavyodhani inatosha. Na kabla hujaanza mwambie hadithi hadithi, akiitikia hadithi njoo ujue umempata.

Binti Gungu: Kuna programu za simu zinasoma zenyewe, si ndo rahisi?

Jibu: Kwa gazeti sawa dada. Kwa Poe nilijaribu, ule mlango ulifunguliwa sekunde mbili.

Mdau wa Kasulu: Naweza kusoma riwaya mpya ya mwandishi wa Kibongo nikatupia magrupu ya WhatsApp?

Jibu: Hapana mkuu, hiyo ni kazi ya mtu na anaishi kwayo. Wasomee wanao sebuleni, huko hakuna atakaekudai. Ukitaka kusambaza muombe mwandishi kwanza, wengine wanakubali sura moja ya kuonjesha.