Resiva ya mtumba ikifika nyumbani, usiichomeke kwanza

Hii naandika kwa ajili ya mtu aliyechoka na sabufa za dukani zinazotoa besi tu, maneno ya kwenye muvi husikii, sasa kaona mahali resiva ya mtumba, yaani ile amplifaya ya kuendeshea spika za muvi, sio ya dishi, zile nzito za Yamaha, Denon, Onkyo, Pioneer, Sony, na bei imemuingia. Nunua, mi nakuunga mkono kabisa, resiva ya 2010 yenye transfoma nzito ndani inapiga vizuri kuliko vitu vingi vipya vya bei hiyohiyo. Ila naomba unisikilize kwenye umeme kwanza maana hapo ndo watu wengi huku kwetu tunalia.

Ya kwangu ya kwanza ilitokea Tunduma, laki moja na themanini, nikaipokea hapa Mbeya stendi ya Nane Nane jioni ikiwa kwenye boksi la biskuti, nikapanda nayo bajaji hadi Ilomba nimeipakata. Plagi yake ilikuwa na pini mbili bapa, nikachukua adapta ya buku nikachomeka ukutani. Ikanguruma mmmm kama sekunde tatu hivi, taa ya mbele haikuwaka, afu harufu ya vanishi iliyoungua ikajaa sebule nzima. Basi, imeisha. Fundi pale Mwanjelwa alivyoifungua akanionyesha karatasi ya njano inayozunguka transfoma imegeuka nyeusi, kisha akaigeuza mgongo akaniwekea kidole palipoandikwa AC 120V 60Hz. Muuzaji hakusema na mi sikusoma.

Kwa hiyo hata ukiwa bado dukani, geuza mgongo utafute hayo maandishi, yanakuwa karibu na pale waya wa umeme unapoingilia. Umeme wetu ni 230V 50Hz. Ukikuta 220-240V au 230V hiyo ni ya Ulaya au nchi zenye umeme kama wetu, chomeka kwa amani. Ukikuta 120V ni ya Marekani, ukikuta 100V ni ya Japani, na hizi mbili zote plagi zake ni za pini mbili bapa, yaani ukiona pini mbili bapa tu moyo ushtuke. Kuna chache zina kiswichi kidogo cha kuchagua volti hapo nyuma, hizo ni bahati, ila hakikisha kimekaa kwenye 230 kabla hujachomeka, usiamini aliyekuuzia.

Ya 120V au 100V haimaanishi uiache, inamaanisha uhesabu na hela ya transfoma ya kushusha umeme. Angalia resiva inakula wati ngapi, imeandikwa palepale nyuma, kama ni 400 au 500 tafuta transfoma ya 1000, usinunue ya 500 kisa namba zimelingana, itachemka siku ukiongeza sauti. Nyanyua uone uzito, ya wati 1000 ya kweli inavuta mkono chini, ikiwa nyepesi kama pasi achana nayo. Na ya Japani ni 100V, sio 110, kwa hiyo tafuta transfoma yenye tundu la 100 kabisa, hizo volti kumi za ziada kila siku zinaipika resiva taratibu. Jua pia kwamba transfoma inashusha volti tu, ile 50Hz inabaki vilevile, kwa hiyo kifaa kilichotengenezwa kwa 60Hz kitapata joto zaidi kidogo ya kawaida. Kinaishi, ila kipe hewa.

Kingine cha hizi za ng'ambo ni redio. Ya Japani FM yake inaanzia 76 na nyingi zinaishia 90, sasa stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, huzipati. Ya Marekani inaruka kwa 0.2, inashika 92.3 na 92.5 tu, stesheni ikiwa 92.4 inakuja na mikwaruzo. Kama mzee nyumbani anategemea redio ya saa mbili usiku mwambie mapema, au mwekee simu kwa waya wa AUX.

Kuijaribu dukani usikubali kuonyeshwa taa tu. Beba spika moja ndogo na waya wa simu. Washa, afu tulia usikilize, ndani ya sekunde tatu nne hadi tano utasikia "tak" moja, hiyo ni rilei inafunga kuruhusu sauti iende kwenye spika. Resiva isiyotoa hiyo tak, au inayotoa tak afu inajizima, ina ugonjwa. Ukishasikia tak, hamisha spika yako tundu kwa tundu, kushoto, kulia, katikati, za nyuma, zote, kwa sababu nimeshaona ya jamaa yangu wa Iringa pale Kihesa, mbele safi kabisa, ya katikati imekufa, na kwenye muvi ya katikati ndo inabeba maongezi karibu yote. Zungusha kitufe cha sauti kama kinakwaruza, chomeka HDMI kila tundu. Uliza rimoti na ile maiki ndogo ya kupimia chumba. Rimoti unaweza kutumia simu yenye infraredi, lakini maiki ya kampuni moja usiitumie kwenye resiva ya kampuni nyingine, vipimo vitakuja vya uongo.

Sasa spika, na hapa naomba uende polepole. Watu wengi wana spika tano zilizobaki kwenye homu thieta ya DVD iliyokufa, wanaona hizi hapa, bure, ngoja nizifunge. Zigeuze usome. Nyingi za hizo zimeandikwa 3Ω, yaani omu 3, wakati nyuma ya resiva yako pameandikwa inataka 6 mpaka 16, au 8. Namba ya spika ikiwa ndogo kuliko resiva inavyotaka, inavuta umeme mwingi kupita uwezo, utasikiliza nusu saa vizuri tu, ukiongeza kidogo inajizima na kuandika PROTECT, na ukiendelea kuilazimisha unaunguza transista za kutoa sauti. Kama spika haina maandishi pima na mita ya fundi, ya 8Ω inasoma kama 6 hivi, ya 4Ω inasoma tatu na kitu. Bora uanze na spika mbili nzuri za 8Ω na ya katikati moja, za nyuma utanunua mwezi ujao.

Na sabufa ya ile homu thieta haitafanya kazi, kwa sababu resiva haisukumi sabufa, inatoa mawimbi tu kwenye katundu kamoja ka RCA kameandikwa SUBWOOFER au SUB PRE OUT, inataka sabufa yenye umeme wake. Hapa ile sabufa yako ya dukani uliyotaka kuiuza ndo inapata kazi, vuta waya wa RCA kutoka hapo uingie kwenye AUX yake, chomoa vile vispika vyake vidogo, besi yake weka juu, sauti weka nusu, zingine ziachie resiva. Nimefanya hivi kwangu na nimewafungia watu watatu, inatikisa.

Waya, usitumie ule mwembamba kama nywele unaokuja na spika ndogo. Nenda duka la vifaa vya umeme uliza waya laini wa pea wa 1.5mm, uwe na rangi mbili, kwa sebule zetu za kawaida unatosha kabisa. Menya kama sentimita moja tu, usokote nyuzi zote ziwe kitu kimoja, kisha ingiza. Uzi mmoja ukichomoza ukagusa tundu la pili au bati la mgongo wa resiva ni PROTECT hiyohiyo, na wengine wanakimbilia kwa fundi wakati ni kauzi kamoja. Nyekundu iende nyekundu, nyeusi nyeusi, pande zote mbili. Spika ya zamani isiyo na rangi chukua betri ya rimoti ya 1.5V, gusisha nyaya zake sekunde moja tu ukiangalia koni, ikisogea mbele basi waya ulioko kwenye chanya ya betri ndo wa nyekundu, ikirudi ndani geuza. Ukikosea moja kati ya mbili za mbele besi inapotea na sauti inakuwa kama inatoka nyuma ya kichwa.

Mpangilio wa chumba sitakaa sana. Mbili za mbele ziwe mbali kati yao karibu sawa na umbali wako wewe hadi kwenye spika, ya katikati chini ya tivi ikielekea masikioni sio magotini, za nyuma ziwe pembeni zikirudi nyuma kidogo ya kochi, juu ya kichwa kidogo. Ila chumba chenyewe kina maneno. Sebule zetu sakafu ni tailizi au saruji, ukuta mtupu, sauti inagonga inarudi. Weka zulia au hata mkeka mbele ya kochi, pazia nzito dirishani, utashangaa maongezi yanavyosafika bila kugusa kitufe chochote.

Kuunganisha tivi kunategemea umri wa resiva. HDMI zenye ARC, yaani zinazorudisha sauti ya tivi kwenye resiva, zilikuja na toleo la 1.4 la mwaka 2009, kwa hiyo kama nyuma pameandikwa ARC kwenye tundu la HDMI OUT, waya mmoja tu unatosha, toka hapo mpaka tundu la tivi lenye ARC, afu uwashe ARC pande zote mbili kwenye menyu. Kama ni ya zamani zaidi, au tivi yako ni ya 4K na picha inagoma kupita kwenye resiva, usihangaike, king'amuzi na vingine vyote chomeka kwenye tivi, kisha toa sauti kwa waya wa optiko, ule wenye taa nyekundu nchani, uje kwenye resiva. Toa vile vikofia vya plastiki kwanza, kuna mtu alikaa wiki nzima anasema optiko yake mbovu. Na kwenye menyu ya sauti ya tivi, pakiwa pameandikwa PCM resiva itapokea chaneli mbili tu, badilisha iwe Bitstream, Auto au Dolby Digital. Chaneli nyingi za hapa zinakuja stereo hata ufanyeje, hapo bonyeza rimoti mpaka ukute Pro Logic II au Neo:6, inatandaza sauti spika zote na kuweka maongezi katikati.

Ndani ya menyu ya resiva, spika zako ndogo ziandike Small, crossover weka 80Hz, ili besi yote nzito iende kwenye sabufa. Una maiki, iweke kwenye stuli urefu wa sikio pale unapokaa, kimya chumbani, watoto nje, jogoo nje. Huna maiki, pima na futi umbali wa kila spika uandike mwenyewe. Afu ongeza ya katikati kama 2 au 3 dB, karibu kila mtu niliyemfungia ameishukuru hiyo kuliko kitu kingine.

Msimu wa mvua huku, Novemba mpaka Aprili, bati linapiga kelele na mtu anaongeza sauti mpaka spika zinapasuka. Tafuta kwenye menyu Night Mode au Dynamic Range, iwashe, inapandisha maneno ya chini na kushusha milipuko, unasikia bila kufikisha mwisho. Usiku watoto wakilala inafaa pia.

Joto sasa. Najua mama anapenda kile kitambaa cha kufuma juu ya kila kitu, na kwenye tivi kinapendeza, ila juu ya resiva matundu yale ndo pua yake. Acha angalau sentimita kumi juu, usiifungie kwenye kabati, usiweke king'amuzi juu yake. Mke wangu alihamishia kitambaa chetu kwenye meza ya pembeni tukaelewana. Kiangazi vumbi linaingia kila mahali, kila baada ya miezi kadhaa ichomoe uifute vumbi kwa brashi laini ya rangi iliyo safi. Na ikisafiri usiku kwenye basi kwa baridi la Makambako mwezi wa saba, ikifika iache masaa mawili matatu ipate joto la chumba kabla ya kuiwasha, ndani kunakuwa na unyevu usiouona.

Ikija kuandika PROTECT siku moja, zima, chomoa ukutani, toa nyaya zote za spika, iache dakika kumi, washa tupu. Ikitoa tak na kukaa, ugonjwa uko kwenye spika au waya, rudisha moja moja mpaka umpate mkosaji. Ikijizima hata ikiwa tupu, hiyo ni ya fundi, na usikae unaiwasha washa.

Ikiwa sabufa inanguruma mfululizo hata bila muziki, jaribu kuchomoa ule waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, mara nyingi kelele inakata hapohapo kwa sababu waya ule unaleta njia ya pili ya kwenda ardhini (earth). Waya huohuo ndo njia ya radi. Ngurumo zikianza upande wa mlima Loleza mi sichomoi plagi tu, nachomoa na waya wa dishi nautupia mbali na resiva, na umeme ukikatika nachomoa, unaporudi nasubiri dakika tano taa zitulie ndo narudisha.