Kupunguza msongamano wa idara ya dharura: kupima, kuhesabu na kuigiza kabla ya kubadili

Hospitali nyingi nchini Tanzania zinaifahamu Kaizen, mbinu ya Kijapani ya kuboresha kazi kidogo kidogo, tangu hospitali ya rufaa ya Mbeya ilipoanza kutumia 5S, utaratibu wake wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi, mwaka 2007, lakini mara nyingi kazi huishia kwenye kupanga makabati na kubandika lebo, huku foleni ya wagonjwa ikibaki vilevile. Mwongozo huu unahusu foleni.

Hatua ya 1: Mfuate mgonjwa. Chagua wagonjwa wapatao 30 wa zamu zote, hasa ya usiku, na uandike saa na dakika ya kufika, kupangwa kwa uzito wa hali, kuonwa na daktari, kutolewa damu, kurudi kwa majibu, uamuzi wa kulazwa na kuondoka. Usitegemee faili peke yake, kwa kuwa saa zilizomo hujazwa baadaye, zamu inapotulia. Waeleze wenzako mapema kwamba hupimi uvivu wa mtu. Bila hivyo utaletewa takwimu za kukufurahisha.

Hatua ya 2: Tenganisha huduma na kusubiri. Kati ya aina saba za upotevu alizoorodhesha Taiichi Ohno wa Toyota, anza na kusubiri na mizunguko isiyo ya lazima, kama muuguzi anayekwenda maabara mara kwa mara kuulizia majibu. Usishangae ukikuta kipande kirefu kuliko vyote kiko mwishoni: mgonjwa ameshatibiwa, ila kitanda cha wodini hakijapatikana. Hapo kuongeza daktari hakutasaidia.

Hatua ya 3: Hesabu. Kanuni aliyoithibitisha John Little mwaka 1961 inasema kwamba idadi ya wagonjwa waliomo ni sawa na wanaofika kwa saa mara muda wanaokaa. Wakifika 6 kwa saa na kila mmoja akakaa saa 4, utakuwa na wagonjwa 24. Ukiwa na vitanda 18, sita wako kwenye korido. Ukipunguza muda huo hadi saa 3, korido inakuwa tupu kwa wastani, ingawa saa za kilele bado zitaelemewa. Ndiyo maana wastani hautoshi.

Hatua ya 4: Igiza kwenye kompyuta. SimPy, maktaba ya bure ya lugha ya Python, inatosha. Ingiza ufikaji wa kila saa ya siku pamoja na mtawanyiko wa muda wa kila huduma, kisha linganisha foleni ya modeli na ile uliyoipima. Zikitofautiana sana, rudi hatua ya 1. Endesha kila jaribio mara nyingi, kwa sababu siku moja ya bahati hudanganya.

Hatua ya 5: Jaribu badiliko moja, kwa mfano kuwaruhusu wagonjwa wa wodini waliopata nafuu kwenda nyumbani kabla ya saa sita mchana ili vitanda vipatikane. Likifaulu kwenye modeli, litekeleze kwa wiki mbili, kisha upime tena kwa fomu ileile, usiku ukiwemo.